Shangazi Yetu na Tozo za Kutua

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya shangazi yetu, na mkisikia sauti yangu inapanda mnivumilie, ndivyo alivyonilea.

Shangazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi pale mtaani, sekondari ya wasichana, kisha uchumi chuo kikuu, na tarehe 2 Julai 1985 akaajiriwa uwanja wa ndege, idara ya tozo, yaani wale wanaopanga kila ndege ilipe nini kwa kutua, kulingana na uzito wake, na kwa muda inaoegeshwa.

Hapo akaja fundi wa ndege kubisha kwamba ndege yake haikuegeshwa, imeharibika tu, Shangazi akamjibu, "Kaka, mbovu na nzima zinaziba nafasi ile ile," naye akawa anarudi kubisha wiki nzima, na tarehe 9 Desemba 1988 wakafunga ndoa, wakajaliwa mabinti wawili, na nyumbani kwao mgeni aliyezidisha siku kwenye kochi aliulizwa, "Shemeji, umetua au umeegesha?"

Mwaka 2009 shirika moja kubwa la ndege lilitaka kutua bure, la sivyo lihame, wakubwa wakaridhia, pengo la mapato lizibwe kwa kuzipandishia tozo ndege ndogo zinazobeba wagonjwa na walimu wa wilaya za mbali, ndipo Shangazi akauliza kikaoni, "Anayechakaza lami ni mzito, kwa nini alipiwe na mwepesi?" akagoma kusaini, na bila saini yake mpango ukafa, shirika likahama kweli, naye akapelekwa ofisi ya mizigo iliyopotea hadi alipostaafu mwaka 2021.

Tangu jana nasikia minong'ono humu humu uani, "Huyu ndiye aliyefukuza ndege." Jamani! Ndiyo, shirika liliondoka, wapo waliokosa kazi, na jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho, lakini zile ndogo zilibaki, na zinaruka mpaka leo kwa nauli ya mtu wa kawaida.

Aliugua figo kuanzia Februari 2024, akafariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, mabinti wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumpikia, na wafanyakazi wenzake wote, akiwemo bosi aliyemhamisha, ambaye yuko nasi safu ya mbele, na ambaye asubuhi hii amewahi mazishi kwa ndege ndogo.

Shangazi, hoja yako imesimama, wewe sasa lala, pumzika kwa amani.