Mstari wa Kwanza wa Zadock

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Zadock Marwa wa hapa Brooklyn Park, mzaliwa wa Tarime. Zadock alifariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo.

Mchana alihudumia wazee. Jioni alisoma kompyuta, nami nilisoma naye darasa moja. Alianza akiwa na mvi, na alisali kabla ya kugusa kibodi.

Mkewe, Kerubo, anasimulia: "Akaniambia anasomea sheli. Nikamuuliza, Baba Velma, umevuka bahari uje kujaza watu mafuta?"

Sheli yake haikuwa ya petroli. Ni programu inayopokea amri tunazoandika na kuzitekeleza. Sheli ziko nyingi, na upo mwongozo wa pamoja, ili amri za kompyuta moja zifanye kazi kwenye nyingine. Lakini kila sheli ina njia zake za mkato. Je, mtu aufuate mwongozo kwa ukali gani?

Zadock alibishana juu ya hilo na rafiki yake Rigobert, Mkongo wa Bukavu. Rigobert aliliandikia kanisa programu ya kuwaarifu madereva wawapeleke wagonjwa kliniki. Aliijaza njia za mkato za sheli aliyoizoea. Lakini mstari wa kwanza, unaotaja sheli ya kutumia, ulitaja ile ya wote, inayofuata mwongozo wa pamoja. Kwenye mashine ya kanisa jina hilo lilifungua sheli ya Rigobert, hivyo kosa halikuonekana.

"Ndugu, uko polisi?" Rigobert alimtania Zadock alipomwonya. "Mashini iko moja tu!"

Mashine hiyo ikafa. Ikaletwa nyingine, na sheli yake ya wote haikuzijua njia zile. Programu ikakwama. Mama Bernardine, naye wa Bukavu, anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, alisubiri mlangoni theluji ikianguka. Dereva hakuja. Jioni alilazwa hospitalini, hali yake mbaya.

Alitoka salama, tunamshukuru Mungu. Rigobert akataka kufuta njia zote za mkato. Zadock akamkataza.

"Zitumie, zinakurahisishia kazi. Ila mstari wa kwanza useme kweli. Ukiandika ya wote, basi ufuate mwongozo bila kupunguza. Ukiandika yako, tutajua kuitafuta."

Jumamosi, kwenye mazishi, Rigobert aliombwa kusali. Alisogea mbele. Kisha akasema: "Sala hii ni ya Kiswahili cha Bukavu. Mwenye hasikii, aulize jirani."

Kerubo alicheka, halafu akalia. Mama Bernardine, aliyeketi kando yake, akamnong'oneza maana, neno kwa neno.

Pole sana Kerubo, pole Velma. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, kabla hatujalala leo, tujiulize: mstari wetu wa kwanza unasema kweli?