Nilipomwona Mwanangu Juu ya Kibao cha Magurudumu

Ndugu zangu, sifa ni za Mungu aliyenifungua mdomo, maana mdomo huu ulifungwa miaka mingi! Niliyasema haya mbele ya kanisa, na wewe unayesoma sema amina hapo ulipo.

Mimi si mtu wa kushtuka. Nimeanguka kutoka juu ya paa Watamu, nikainuka nikamaliza kazi. Nimekuta nyoka ndani ya makuti nikamshika kwa mkono. Shule niliachia darasa la nne, lakini ukila pweza wako hotelini, kutoka Mambrui hadi Dabaso, tazama juu: paa hilo la makuti ni kazi yangu. Lori ninalo, mafundi kumi na wawili ninao, na Kiitaliano nakizungumza bila kukisomea. Nilikuwa nasema dunia imeishiwa maajabu, hakuna cha kunishangaza mimi.

Ndugu zangu, picha moja tu ya simu ilinimaliza!

Binti yangu Sidi anasoma Torino, kule Italia, anajifunza kuchora majengo. Kanisani kwetu nani hajui? Nimesimama mara ngapi pale mbele nikimtaja? Ni kifungua mimba wangu, kwa hivyo alipewa jina la mamangu, kama desturi yetu Wagiriama, na ndiyo maana humwita Mama.

Basi asubuhi moja niko Kisumu Ndogo, hapa Malindi, napakia makuti, simu ikalia. Picha. Sidi amekaa chini kando ya barabara, juu ya kibao chenye magurudumu manne. Koti limefunika miguu yote. Mbele yake kuna kikombe. Watu wanapita, hakuna anayemtazama. Na ameandika: "Baba, nilianguka, lakini usijali. Hiki kibao ndicho kinanipeleka chuo siku hizi."

Nilikaa juu ya makuti kama gunia.

"Mzee, vipi? Umeumwa na nyoka?" mafundi wakaniuliza.

"Afadhali nyoka," nikawajibu.

Sasa sikieni jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Siku zote nimewaambia kuwa mamangu alikuwa na biashara ya vitambaa. Uongo! Mamangu aliugua utotoni, miguu ikakauka. Alikuwa akiomba nje ya soko la Malindi, amekaa juu ya kibao cha magurudumu, kikombe mbele yake. Kibao hicho nilikiunda mimi, kwa beringi nilizookota gereji, na mimi ndiye niliyekivuta kwa kamba. Alipokufa nilikichoma moto. Nikaapa hakuna atakayejua. Hata mke wangu Dama hakujua!

Mnaelewa basi nilichokiona katika ile picha? Nilimwona mamangu amerudi. Jina limemfuata mtoto, na ulemavu umekuja nalo. Mwanangu hana miguu, anaomba katika mji wa watu!

Hapo ningemwuliza, si ndiyo? Sikuthubutu. Nilikwenda Junju kwa mtu mmoja anayejiita nabii. Picha yenyewe hakuitazama mara mbili.

"Laana ya jina," akasema. "Elfu sitini, nikate mzizi. Na siku saba usizungumze na mtoto. Ukizungumza naye, inarudi."

Mimi ninayebishana na Mtaliano mpaka anaongeza bei mwenyewe, nilituma elfu sitini bila neno!

Sidi akapiga simu. Sikupokea. Kesho yake akapiga tena, nikailaza simu kifudifudi. Siku ya tano, tumetoka ibada, Dama akanizuia mlangoni.

"Baba Sidi, mtoto amenipigia analia. Anauliza amekukosea nini. Una nini wewe?"

Nikamwambia yote: picha, mamangu, kibao, nabii. Dama akavua kilemba akajipepea.

"Miaka ishirini na mbili najua mama mkwe alikuwa muuza vitambaa! Haya, hilo tutagombana baadaye. Lakini ni Mungu gani huyo anayemkataza baba kuzungumza na mwanawe? Nunua bando la intaneti la shilingi hamsini umpigie kwa video, mbele yangu."

"Na kama hana miguu?"

"Basi atakuwa mwanetu asiye na miguu. Piga!"

Ndugu zangu, neno hilo ndilo lililonikata minyororo! Mimi nilikuwa na mama asiye na miguu, nikamkana. Nililia pale mlangoni mwa kanisa, nikatubu kwa sauti, ndipo nikapiga. Uso wa Sidi ukatokea.

"Mama, nionyeshe miguu."

"Shikamoo, Baba. Miguu?"

"Miguu! Yote miwili!"

Akaegemeza simu ukutani, akarudi nyuma. Miguu miwili! Suruali imetoboka magotini, lakini miguu ipo! Akaweka kibao chini, akapanda juu yake amesimama, akajisukuma kwa mguu mmoja, akateleza, akaruka ngazi tatu, akaanguka kwa kishindo. Nilipiga yowe mpaka pasta akatoka mbio. Yeye akainuka anacheka.

"Hivyo ndivyo nilivyoanguka, Baba. Ni mchezo, vijana wengi wa huku wanaucheza. Tena nimeokoa nauli ya basi."

Kikombe kilikuwa cha kahawa yake. Koti ni la baridi!

Nikamweleza habari za bibi yake na kibao chake.

"Kwa hiyo Bibi alikiendesha amekaa? Sokoni, katika mashimo na watu wote wale?"

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo kazi ni ngumu kuliko yangu. Na magurudumu uliyaunda wewe? Nieleze ulivyoyafunga."

Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa picha. Aibu niliyoichoma moto, mwanangu aliiomba kama urithi! Nikamweleza beringi moja moja, mbele ya Dama, mbele ya pasta, na mzigo ukanitoka kifuani.

Namshukuru Mungu! Nawe ndugu, kama kuna mzazi wako unayemficha, mtaje leo. Mwamini Mungu, naye hatakuaibisha. Na mtu asikudanganye kwamba unahitaji kumlipa nabii. Mimi jambo hili limenigharimu shilingi elfu sitini na hamsini: elfu sitini za kuficha, na hamsini za kuuliza.