Bahari ya Mbali na Joto la Ntalikwa: Maisha ya Adriano Lugusha Mihambo, 1951–2025

Adriano Lugusha Mihambo alizaliwa Bukene, wilayani Nzega, tarehe 4 Machi 1951. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Sylvester Mihambo, mfanyakazi wa njia ya reli, na Mama Recheli. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo mvua ilinyesha huku jua likiwaka, na mtoto akatoka macho wazi akitazama paa. Binti yake mkubwa, Josepha, aliyeandika wasifu huu na anayeusoma mbele yenu, hajui kama ni kweli. Wa kumuuliza hayupo tena.

Alianza shule ya msingi Bukene mwaka 1959, akasoma sekondari mjini Tabora kuanzia 1967 hadi 1970. Mwalimu wake mmoja aliwahi kumtoa nje ya darasa kwa kuuliza mara ya nne swali lilelile: "Upepo unakuwa wapi kabla ya kufika hapa?" Marehemu alikisimulia kisa hicho akicheka, na kila mara alimtetea mwalimu.

Mwaka 1971 alikwenda Dar es Salaam kusomea upimaji wa hali ya hewa. Januari 1972 alianza kazi katika kituo cha kiwanja cha ndege Tabora, na hapo alidumu miaka thelathini na tisa hadi alipostaafu Juni 2011. Alisoma kipimajoto, akapima mvua, akarusha puto jeupe la gesi na kulifuata kwa darubini ili ajue pepo za juu zinaelekea wapi. Kopo la kupimia mvua nyumbani alitengenezewa na Nasri, fundi bati wa mjini, na tangu siku hiyo wakawa watani wasioachana.

"Wewe Mnyamwezi umeajiriwa kutazama mawingu," Nasri alimwambia, "na yasipokuwepo unatazama tu!"

"Yasipokuwepo ndipo pana kazi," marehemu akajibu.

Puto hilohilo ndilo lililomletea mke. Asubuhi moja ya mwaka 1974 msichana aitwaye Bernadeta alisimama kwenye uzio wa kituo akauliza kama lile lililopaa ni la mtoto aliyelipoteza. Adriano hakuweza kugeuka, maana akiliondolea jicho puto kazi ya asubuhi nzima ingeharibika. Alisema tu, "Subiri, dada." Bernadeta alisubiri dakika ishirini. Mpaka leo anasema haelewi kwa nini alisubiri. Walifunga ndoa Bukene tarehe 19 Aprili 1975, wakabarikiwa watoto wanne, na mwaka huu walitimiza jubilei ya miaka hamsini. Baada ya kustaafu walihamia shambani Ntalikwa, nje ya mji wa Tabora.

Hakuugua kwa muda mrefu. Kuanzia wiki ya tatu ya Oktoba mwaka huu joto lilipanda likakataa kushuka. Kipimajoto cha barazani kilifika nyuzi thelathini na saba, na hata alfajiri kuta zilikuwa za moto. Festo, kitinda mimba, alipiga simu kutoka Choma, anakofuga: ng'ombe walikuwa wamesimama ndimi nje, hawali. Jumapili tarehe 26 Oktoba, baada ya misa, watu walimzunguka marehemu. Wengine walisema ni adhabu, wengine wakawalaumu wachoma mkaa.

"Miti tumeikata, na kivuli kimepungua," aliwaambia. "Lakini joto hili halikuzaliwa hapa." Akaeleza kwamba bahari ya mbali, mashariki kabisa, upande wa Indonesia, imepata joto kuliko kawaida. Kule hewa inapanda na kumwaga mvua, kisha inasafiri juu kwa juu na kushukia huku kwetu. Hewa inaposhuka hubanwa, ikibanwa hupata joto, na mawingu hayapati nafasi ya kujengeka. Ndiyo maana hapakuwa na upepo wala wingu.

"Bahari ya wapi, Baba Josepha?" Bernadeta aliuliza. "Sisi wa Ntalikwa tumeikosea nini?"

"Haijui kama tupo," akamjibu.

Aliwaomba wasipande mbegu kwa manyunyu ya kwanza, wasikae juani kuanzia saa tano hadi saa kumi, na wazee watolewe kwenye vyumba vya bati mchana. Alisema ukanda wa mvua ungeteremka kutoka kaskazini ifikapo tarehe 5 Novemba, na joto lingevunjika. Tarehe 5 ilipita. Kesho yake jioni alimpigia Josepha, anayefundisha jiografia Nzega.

"Mwanangu, anga hii nimeisoma miaka yote. Safari hii siielewi. Kilichotukalia hakitaki kuinuka."

Josepha alifungua vitabu vyake. Humo alikuta yaleyale aliyokwisha kuyaeleza baba yake.

Jumanne tarehe 11 Novemba, saa saba mchana, saa ileile aliyowakataza wengine, marehemu alichukua baiskeli akaondoka bila kuaga. Mama mmoja, Shamimu, alimkuta ameanguka kando ya barabara ya Kwihara iendayo mjini, shati limefungwa vifungo vyote, ngozi kavu kama karatasi. Nasri anaamini rafiki yake alikuwa anakuja kumtoa kwenye chumba chake cha bati, ingawa hawakuwa wameahidiana. Mama yetu anaona alikwenda kutafuta wingu. Daktari alisema joto huvuruga akili kabla ya kuangusha mwili, kwa hiyo huenda yeye mwenyewe hakujua aendako. Familia imelizungusha jambo hili siku nne, na imekubaliana kuandika kwamba haijui.

Hospitalini alizungumza mara moja tu, Jumatano mchana. "Upepo umegeuka?"

"Umegeuka, Baba," Josepha akajibu.

Haukuwa umegeuka. Dirisha lilikuwa wazi, na pazia halikutikisika. Alifumba macho kama mtu aliyeridhika, akafariki Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri. Josepha hakuwahi kumdanganya baba yake kabla ya hapo. Analisema mbele yenu kwa sababu hajui pengine pa kulipeleka.

Marehemu ameacha mke, Bernadeta. Watoto wanne, Josepha, Revocatus, Levina na Festo. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Tulipoandika orodha hii tulikwama kwa Nasri, kwa kuwa si ndugu wala shemeji. Mama akasema, "Mwandikeni baada yangu." Basi, ameacha pia Nasri.

Mwenyezi Mungu ampokee Adriano na kumpa pumziko lenye amani. Sisi tuliobaki, atujalie kuelewa, hata kama ni kidogo kidogo.