Risala ya Wauza Mboga kwa Mkurugenzi wa Kiwanda cha Malori, Kuhusu Giaboksi Iliyokufa na Waranti Iliyoota Mbawa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda kilichounda lori hili lililopambwa maua. Maofisa mlioongozana naye. Mwenyekiti wa ushirika wetu. Na ninyi wafanyabiashara wenzetu mlioacha meza zenu bila mtu huku mkijua kwamba nyanya hazina subira: tunawasalimu.

KUKUKARIBISHA

Sisi wauza mboga tumefurahi kukuona, na tunasema hivyo kwa moyo mweupe, maana tumekutafuta sana. Kwenye simu tuliambiwa uko mkutanoni. Ofisini tuliambiwa uko safarini. Tulipoufuata mkutano wenyewe tukaambiwa ndiyo kwanza umetoka. Leo umekuja kwa miguu yako, pamoja na mpiga picha, na tumeelewa kwamba siku zote hizo kilichokosekana ni utepe.

Kiti ulichokalia ndicho kizuri kuliko vyote vilivyopo hapa. Tumekiazima kwa kinyozi. Kikizunguka usishtuke, ndivyo kilivyo.

Msomaji wa risala hii ni muuza vitunguu. Akitokwa na machozi usidhani ni huzuni, ni vitunguu vya asubuhi. Hasira utaisikia kwenye sauti.

HISTORIA FUPI YA LORI

Zamani tulikuwa tunakodi magari ya watu. Mwenye gari akiamka vibaya, kabichi zetu zinalala shambani. Akiamka vizuri, anapakia mbuzi wake juu ya mchicha wetu. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, na sisi tulikuwa tumechoka kuchekwa. Tukajinyima, tukanunua lori jipya kutoka kwako.

Lilipofika tuliliita Mkwe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuliegemea, na wengine walikuwa hawalisogelei bila kunawa mikono. Muuzaji wenu alitukabidhi waranti kwa mikono miwili na kutuambia, "Hili likipata hata mafua, nyie pigeni simu tu, mkalale." Tulimwamini, tukalala.

Usukani tulimpa mwenzetu mmoja, mama wa makamo ambaye baba yake aliendesha mabasi mpaka akastaafu. Hapa sokoni anaitwa Bibi Taratibu. Jina hilo hatukumpa kwa kumsifu, Mheshimiwa. Tulimpa kwa kumlalamikia. Mama huyu akikuta tuta barabarani utadhani analiomba ruhusa. Baiskeli humpita, na kabla haijampita, yeye na mwenye baiskeli huwa wameshaulizana habari za watoto. Tulikuwa tunanung'unika kwamba nyanya zinachelewa. Lakini zilikuwa zinafika na ngozi yake yote, na hilo tulianza kulithamini baadaye.

MAFANIKIO

Fungu hili ni fupi, utusamehe.

Kwa kipindi ambacho Mkwe alikuwa mzima, mboga zilifika sokoni kabla ya wateja. Wenye migahawa waliokuwa wakivuka mji kununua kwingine walianza kuja kwetu, na wengine tukaanza kuwaita kwa majina ya utani.

Mafanikio mengine ni ya elimu, na hayo tunakushukuru wewe. Kampuni yako imetufundisha maneno mengi: "matumizi yasiyo ya kawaida", "kifaa kisichoidhinishwa", "kwa hisani ya kampuni". Hatukuwa nayo kabla ya kununua lori lako, na tungeweza kufa wazee bila kuyahitaji.

CHANGAMOTO

Kwenye risala huitwa changamoto. Nyumbani tunayaita matatizo.

Lilianza kwa gia ya pili kutema. Dereva anaiweka, yenyewe inatoka, kama mtoto anayetema dawa. Bibi Taratibu alilipeleka kwenye gereji yenu siku hiyohiyo. Fundi wenu akalizungusha uwanjani, akashuka akipangusa mikono iliyokuwa misafi, akasema, "Gari jipya hili, mama. Bado linakuzoea. Na wewe lizoee." Tukaondoka na ushauri huo kana kwamba tumempeleka bibi harusi kwa kungwi.

Halafu, siku moja ya mzigo wa kabichi, katikati ya mlima, ulisikika mlio kama wa sufuria zilizoporomoka kabatini. Injini ikanguruma, magurudumu hayana habari. Bibi Taratibu akaweka mawe chini ya matairi na kuipigia simu ofisi yenu ya huduma kwa wateja. Mazungumzo hayo tunayajua kwa moyo, kwa kuwa ametusimulia mara nyingi mpaka watoto wetu wanayaigiza:

"Kaka, gari limegoma mlimani."

"Poleni. Mgomo umeanza lini?"

"Sasa hivi. Limegoma kabisa, halisogei."

"Wanadai nini?"

Yeye akadhani kijana anamtania ili kumwondolea mawazo. Naye akamjibu kwa utani, "Linadai giaboksi mpya, baba."

Mheshimiwa, mtu wenu aliandika hivyohivyo. Jibu la kampuni lilipokuja lilisema kwamba waranti haihusiki na hasara zinazotokana na migomo, ghasia na machafuko ya kiraia, na kwamba tunashauriwa kukaa meza moja na wafanyakazi wetu kuhusu madai yao ya giaboksi. Tulisoma tukacheka. Tukasoma tena, tukaacha kucheka.

Tulidhani mambo yangeishia hapo, kwamba mtu mmoja mwenye akili timamu angepita akaona na kusema jamani. Badala yake mlituletea msuluhishi. Bwana mmoja mwenye tai, mpole, akaja na ubao wa karatasi na kalamu za rangi kutupatanisha na wafanyakazi wetu. Alipotuuliza kiongozi wa mgomo ni nani, muuza karoti alimwonyesha chini ya lori na kumwambia, "Yule pale, kalala. Ana mafuta tele na wala hasemi kitu." Bwana yule aliinama, akaitazama giaboksi kwa muda mrefu, kisha akakunja ubao wake. Kwa haki tuseme, yeye peke yake ndiye aliyetuomba radhi.

Baada ya aibu hiyo mkamleta mtaalamu. Huyo tulimngojea kwa hamu, tukajua sasa giaboksi itafunguliwa. Hakuifungua. Alipanda, akakaa kwenye kiti cha dereva, akakikuta kirungu cha gia kimevishwa kofia ya uzi. Kofia hiyo aliifuma dada yake Bibi Taratibu, kwa sababu kirungu chenu kikikaa juani kinaunguza kiganja. Mtaalamu akaipiga picha pande zote. Akatangaza kwamba kuna kifaa kisichoidhinishwa kwenye mfumo wa gia, kwamba dereva ana tabia ya kulazimisha gia kwa nguvu, na kwamba waranti imekufa kwa kosa lake.

Hapo ndipo tulipochukia, Mheshimiwa. Ya mgomo tulikuwa tumeyameza. Lakini kumwambia mama yule, mbele ya soko zima, kwamba anaendesha kwa fujo! Yeye aliyetuchosha kwa upole! Alivua ile kofia, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kukaa nyuma ya magunia. Tangu siku hiyo watoto wa mtaani wakimwona wanapiga kelele za gia zinazosagika. Kazi nyingine ya udereva ameomba kwa watu kadhaa, na kila anakokwenda jina lake limeshamtangulia. Ameendesha maisha yake yote bila kukwaruza hata ukuta, na leo anatuuzia pilipili kwenye sinia.

Tukaanza kuulizauliza. Kiwanda cha mikate kina lori kama letu, na gia ya pili ilitema. Wafyatua matofali wanalo, nalo ni yaleyale, lao lilikufa kwenye tambarare. Madereva wao hawamjui Bibi Taratibu, hawajawahi kumsikia, na wala hawana dada mfuma uzi. Tulipowaandikia ninyi mambo hayo, na kuwaambia kwamba tutawaandikia na wengine, ghafla kampuni yako ikapata huruma. Tukaambiwa mtatutengenezea lori kwa hisani. Kutakuwa na sherehe, utepe na picha. Masharti ni mawili tu: tukubali kwamba kosa lilikuwa la dereva, na kiti chake apewe mtu mwingine mtakayemleta wenyewe.

Baadhi yetu walisema tukubali. Tusifichane, tunaisoma risala hii tukiwa tumeshagombana. Mboga zinaoza, na mwenye njaa hachagui kijiko. Aliyenyamazisha ubishi ni mwenyekiti wetu, mtu ambaye alimlalamikia Bibi Taratibu kuliko sote. Alisema, "Mtu akikuvunjia mlango, kisha akakuletea mlango kama zawadi, usimwambie asante kabla hajasema nani aliuvunja." Tukapiga kura kwa mikono, kwamba sherehe tuje lakini masharti tuyakatae, na mikono ikatosha.

MAOMBI

La kwanza, tunaomba neno "hisani" lifutwe kwenye lile bango mlilolitundika jukwaani. Waranti ni ahadi, na mtu akitimiza ahadi hajatoa sadaka.

La pili, tunaomba utamke mwenyewe, kwa kipaza sauti hikihiki, kwamba dereva wetu hana kosa. Alitukanwa hadharani, asisafishwe chumbani.

La tatu, wenye mikate na wenye matofali waambiwe ukweli leo, pamoja na wengine wote waliolizwa na lori hili. Wako wawakilishi wao pale nyuma, wamesimama kwa sababu viti vimekaliwa na maofisa wako.

La nne ni la heri tu: kwenye simu muwekeeni wateja mtu anayejua Kiswahili cha gereji.

La mwisho linahitaji maelezo, tuvumilie kidogo.

Lori hili linaloonekana nyuma yako limeletwa hapa alfajiri likivutwa kwa mnyororo. Muuza uji anafungua mapema, aliliona. Limepakwa rangi mpya, tunakiri, na rangi imependeza. Limeegeshwa pale juu kwenye mteremko, uso ukitazama chini, ingawa uwanja tambarare upo mkubwa na mtupu. Tulijiuliza kwa nini. Dereva mliyemleta achukue nafasi ya mwenzetu ametujibu. Ni mtu wa watu, ana aibu yake, hakutaka kuanza kazi na dhambi. Alimfuata Bibi Taratibu kwenye pilipili zake, akamwambia, "Dada, mimi nimeambiwa utepe ukikatwa niachie breki, nipunge mkono, literemke mpaka kwenye jukwaa. Gia nimekatazwa kugusa."

Kwa hiyo, mgeni rasmi, kabla hujashika mkasi, tunakuomba uliamuru lori lirudi nyuma. Hatuombi mlima wala mzigo. Lirudi hatua chache tu, mpaka usawa wa mlango wa ghala. Kwenda mbele, mteremko unaweza kulisaidia hata toroli. Kurudi nyuma kunataka giaboksi.

Dereva wenu ameshuka kwa hiari yake na funguo amempa mwenye usukani wake. Bibi Taratibu yuko ndani tangu tulipofika kwenye fungu la changamoto, injini inanguruma, mnaisikia. Likirudi, tutapiga makofi mpaka viganja viume, tutakuomba radhi mbele ya kadamnasi hii, na yeye atashuka asipande tena gari lolote maishani mwake. Hilo hatukumtuma. Amelisema mwenyewe, na tulipomsihi alipunguze alikataa.

Lisiporudi, Mheshimiwa, basi urudi nalo wewe.

Mungu akupe afya na umri, ainyooshe mikono ya wanaofunga nati kiwandani kwako, na awape wateja wako wengine waliobaki masikio ya kusikia. Risala imeisha. Hatutakaa chini bado, maana wote tumegeuka tunalitazama lori, na dereva anasubiri neno lako.

Ni sisi,
Ushirika wa Wauza Mboga Tujikaze,
pamoja na dereva wetu.