Nani Aliupiga Mpira wa Sinia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Doha, Bwana Douglas. Mchungaji Jeremiah, uliyetufungulia kwa sala fupi kuliko zote ulizowahi kuomba, nasi tunakushukuru. Mzee wetu Abu Jasim, shabiki wetu wa pekee aliye raia wa nchi hii. Ndugu Dedan, dereva wake, unayemtafsiria maneno yangu kwa Kiarabu hapo mlipoketi. Wachezaji wa Timu ya Madoa, mnaocheza bado na mliostaafu kwa sababu ya magoti. Ndugu wageni waalikwa na mashabiki wote: hamjambo.

Kwa wasionijua, mimi ni Charity Wairimu, muuguzi wa chumba cha dharura, na katibu wa mashabiki wa timu hii tangu mwaka wa 2009. Nimeombwa nimuage kapteni wetu, Herbert Omondi, ambaye Jumanne anarudi nyumbani Siaya baada ya miaka minane ya ulinzi kule West Bay. Nimepewa dakika kumi. Bwana Mwenyekiti, umetazama saa kabla sijaanza. Nimekuona.

Vijana mliofika majuzi mmeniuliza mara nyingi: Wakenya na Waganda waliijulia wapi besiboli? Jibu ni kwamba hatukuijulia popote. Mwaka wa 2008, mhandisi mmoja aliyekuwa akihama kutoka jengo analolinda Herbert alimwachia begi lenye gongo moja, glavu nne, mpira mmoja na kitabu cha sheria za mchezo. Kitabu hicho kilianzia ukurasa wa kumi na saba. Kurasa za mbele zilikuwa zimechanika, na Herbert alikataza mtu yeyote asizitafute kwenye simu, akisema kwamba timu iliyoanza kwa imani haiwezi kuja kumalizia kwa mtandao. Kwa hiyo tulijua vizuri sana mambo yaliyokatazwa, lakini hatukujua mchezo unaisha lini. Uliisha basi la kampuni lilipokuja kuwachukua watu wa zamu. Siku moja, tukiwa sitini na moja kwa hamsini na nane, Virginia alikuwa mbioni kuelekea kituo cha mwisho alipolisikia basi likipiga honi; alipinda kona, akaruka ndani, akaenda kazini. Je, pointi ile ilihesabika au haikuhesabika? Wapo waliokosana kwa swali hilo, na wawili kati yao wamekaa meza moja leo. Naomba waendelee hivyo hivyo.

Jina nalo lilitoka mtaa wa Abu Hamour. Dobi mmoja alikuwa akifunga duka, akatugawia fulana kumi na nne zilizoandikwa kifuani, kwa Kiarabu na Kiingereza, "Tunaondoa Madoa." Tukawa Timu ya Madoa. Na tulicheza na nani? Kulikuwa na timu moja tu iliyokuwa na gongo, nayo ni madereva wa Kipakistani, waliokuwa wakicheza kriketi. Kila upande ulishika sheria zake. Sisi tulizunguka, wao walikwenda na kurudi. Jioni wao walisema wameshinda kwa mia na kumi na mbili, sisi tukasema tumeshinda tisa kwa saba, tukapongezana kwa moyo mweupe, na manahodha wote wawili wakapigwa picha wameshika kikombe kimoja. Sijawahi kuona tena mechi ambayo kila mtu alirudi nyumbani mshindi.

Picha hiyo iko kwenye meza ile pale nyuma, pamoja na hazina yote ambayo Dedan ameitunza miaka hii chini ya vitanda sita vya chumba chao kule Fereej Bin Mahmoud. Wanaolala juu ya vitanda hivyo walikubali, na nawashukuru. Mtaona kitabu chetu. Mtaona kiatu cha Roselyne kilichoyeyuka kikashikana na lami mwezi wa Agosti. Mtaona jino la Arnold, na karatasi inayoeleza ni jino lipi na lilitoka Ijumaa gani. Na katikati, ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko, mtauona mpira wenyewe. Wageni, tafadhali: kuunusa ni mara moja kwa kila mtu. Harufu ya iliki imebaki kidogo, na wapo mashabiki ambao hawajapata zamu.

Karatasi ya mpira huo inasema: "Mpira wa Sinia. Ulipigwa na Kapteni Herbert Omondi, Februari 2012." Hiyo ndiyo karatasi iliyonileta mbele yenu.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Tulikuwa tumejigawa pande mbili kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba ya Abu Jasim, ambaye wakati huo hatukumjua hata kwa jina. Mpira ulipigwa kwa nguvu ambazo hatukuwahi kuziona kwetu, ukapita juu ya ukuta, ukaingia dirishani, ukatua katikati ya sinia la wali, juu ya mwanakondoo mzima, mbele ya wageni kumi na mmoja waliokuwa wamevaa kanzu nyeupe. Mchuzi haukumwacha hata mmoja. Kelele zilipoanza upande wa pili, sisi wote tuligundua kwamba tuna shughuli kwingine. Herbert peke yake ndiye aliyekwenda kugonga lango.

Abu Jasim alitoka na mpira mkononi, mchuzi ukimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Aliuliza, "Nani amepiga?" Herbert akasema, "Mimi." Mzee akamtazama, akasoma maandishi kifuani mwake polepole, akageuka kuwatazama wageni wake, kisha akasema neno moja: "Ingia." Herbert alitoka na mpira, na blanketi lililofungiwa kanzu kumi na moja.

Jumamosi tulizifua kwangu, bafuni, kwa limau na chumvi, watu wanane wakipokezana, maana timu ikishaandika kitu kifuani haina budi kukitenda. Kumi zilitakata. Ya kumi na moja ilibaki na doa la manjano, dogo kama kifungo, hapa juu ya moyo. Mwenye kanzu hiyo alikuwa rafiki wa mkubwa wa kampuni ya Herbert. Wiki haikuisha. Herbert, aliyekuwa amekwisha kuahidiwa usimamizi wa walinzi ndani ya ukumbi wenye baridi, alipelekwa kulinda lango la magari, nje, pasipo hata kibanda. Alisimama pale miezi kumi na minne. Nyinyi mnaolijua joto la hapa, je, nina haja ya kuwaeleza Julai ilikuwaje?

Julai aliletwa kwangu akiwa na joto la nyuzi arobaini na moja, haoni, hasemi. Nyuma ya kitanda alisimama Lenny, mchezaji mwenzetu anayefanya kazi hotelini, bado na sare ya kazi, akilia kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia kapteni atapona. Akasema, "Sista, si hiyo. Ni mimi nilipiga ule mpira. Nilikuwa na wiki tatu tu Doha. Nilijificha nyuma ya tangi ya maji, na yeye akaenda."

Herbert, dripu mkononi, alifungua jicho moja. Akasema, "Lenny, wacha hiyo maneno. Na wewe sista, ongeza maji, punguza masikio."

Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akaniambia, "Mimi wakinikasirikia watanihamisha. Huyu wakimkasirikia watampandisha ndege, na nguo zake bado hazijatoka kwenye begi." Kisha akaniapisha ninyamaze, nami nikanyamaza miaka minne.

Sasa tazameni tulichomfanyia mtu huyu, tukidhani tunamheshimu. Kila Ijumaa tulimwimbia. Tulimpa gongo, tukasogea nyuma, tukasubiri apige tena kama siku ile. Alipiga mara mia mbili na zaidi, na ninazo hesabu zake, wala mpira haukuwahi kuufikia ukuta. Tulisemaje? Tulisema kapteni anajizuia, anahurumia wali wa watu. Na Lenny, aliyekuwa na mkono ule, hakushika gongo tena. Alisema ana bega bovu. Bega hilo nimelipima mimi mwenyewe. Ni zima.

Wiki iliyopita Lenny alikuja hospitalini kwangu, akapanga foleni kama mgonjwa, akaketi mbele yangu. "Sista, siwezi kubeba hii kitu tena. Akipanda ndege kabla watu hawajajua, nitakuwa nimejificha nyuma ya ile tangi maisha yangu yote. Niambie nifanye nini." Nikamwambia anipe ruhusa ya kuanza, na yeye ajikaze kumaliza. Akanipa.

Herbert, kaa chini. Najua uliniapisha. Umenipigia ishara hiyo ya mkono tangu niliposema "Februari," nami nimeiona kila mara. Leo si zamu yako. Kaa, ndugu yangu.

Naona Abu Jasim amemshika Dedan mkono, ana la kusema. Dedan, simama useme kwa sauti, watu wa nyuma wasikie.

Kwa ambao hawakusikia vizuri, narudia. Mzee anasema Herbert alipokuja langoni alikuwa bado amevaa glavu mkononi. Siku ile yeye hakuelewa kitu. Lakini tangu mwaka ule amekuwa akija kututazama ndani ya gari lake, akipiga honi mahali pasipostahili, na mwaka wa pili alianza kuuelewa mchezo. Ndipo akajua kwamba mwenye glavu ni wa kudaka, si wa kupiga. Anasema alingoja mmoja wetu amwambie, kwa sababu halikuwa neno lake la kulisema. Lakini habari ya lango la magari anaisikia leo kwa mara ya kwanza. Ameuliza, "Miezi mingapi?" Dedan amemjibu kumi na minne.

Dedan, ile karatasi utaiandika upya. Usimfute Herbert. Andika aliyepiga, kisha chini yake andika aliyekwenda langoni, kwa herufi zinazolingana.

Kapteni, timu yako haina kombe la kukupa. Haikushinda mechi hata moja ambayo mpinzani alikubali kwamba ameshindwa. Lakini nimefanya kazi na madaktari wakubwa na wakurugenzi wenye ofisi za kioo, na kila linapoharibika jambo nimewaona wakitazamana wamtafute wa chini yao. Wewe, mlinzi wa zamu, ulisema "Mimi" kwa kitu ambacho hukukifanya, ukasimama juani mwaka mzima na zaidi, halafu Ijumaa ukaja kutufundisha kudaka. Nenda salama. Wasalimie Siaya. Ukifika, lala mpaka jua litoke, na usilinde kitu chochote.

Bwana Mwenyekiti, nimepita dakika zangu, nawe umeacha kutazama saa. Nashukuru kwa masikio mliyonitegea. Naomba mtu mmoja zaidi atumie masikio hayo hayo.

Lenny, kipaza sauti hiki hapa. Inuka uje.