Risala ya Kikundi cha Picha cha Jioni: Mideva Asikatwe Kwenye Mwamba wa Zambarau

Mgeni rasmi, mkuu wa hifadhi ya jangwa. Mwalimu Morris, uliyetufundisha kamera. Wazazi na majirani mliotoka Mashimoni na Kawangware 46, hamjambo nyote.

Karibu

Mgeni wetu, karibu mtaani kwetu Gatina. Umeacha jangwa lako pana ukakubali kuketi nasi katika ukumbi huu wa kanisa, ambao asubuhi ni darasa la nasari. Viti ni vidogo, utuwie radhi. Na ukimsikia mtoto akilia pale nyuma, ni wa katibu anayesoma. Amezoea masomo ya jioni tangu akiwa tumboni, atanyamaza.

Tulikotoka

Kikundi chetu kilianza Aprili mwaka huu wa 2008, vita vya uchaguzi vilipotulia. Wengine kwetu ni Machakos na Kitui, wengine ni Magharibi. Wakati huo hata kuketi benchi moja kulitushinda. Mwalimu Morris alikuwa na kamera moja tu, akatulazimisha tupokezane. "Kama hutaki kuipokea kwa mkono wa mwenzako," alisema, "nenda nyumbani ukapige picha na macho."

Aliyeijua kazi kuliko sote ni Nthenya. Alikuwa na studio Mashimoni, chumba cha mabati chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege. Jirani yake, mlango kwa mlango, alikuwa Mideva wa Magharibi, muuza mboga. Walikopeshana chumvi, wakaleleana watoto. Januari, siku studio ilipochomwa, Nthenya alimbeba mwanawe Ian akabisha kwa Mideva. Mideva alikuwa ndani. Hakufungua.

Nthenya akahamia huku. Walipokutana tena darasani, kamera ilitoka kwa mmoja ikapitia mezani ndipo ikamfikia mwingine. Haya tunayasema kwa ruhusa yao wote wawili.

Safari ya Agosti

Ni ofisi yako iliyotupa lori, mgeni rasmi, ili tukapige picha mawe ya hifadhi, zitundikwe kwenye ukuta wa kituo cha wageni. Tulidhani jangwa ni mchanga tu. Tukakuta miamba imepangana tabaka juu ya tabaka, jekundu, la manjano, jeupe kama unga wa ugali, utadhani ni mitumba iliyokunjwa ikisubiri wateja. Jua lilipoelekea kuzama, mwamba mmoja wenye umbo la upinde ukageuka zambarau. Tulinyamaza, hata Shivachi, seremala wetu asiyejua kunyamaza.

Bwana Ekal, askari wenu, alitueleza vizuri: tupige mawe. Nthenya akaweka jicho kwenye kamera, akalitoa.

"Hapa hakuna mtu," akasema.

"Ndiyo," Bwana Ekal akajibu. "Ni jangwa."

"Sasa picha bila mtu nani atanunua? Kuja mmoja asimame hapo!"

Kosa lilianzia hapo, na lilikuwa letu sote. Mtaani filamu ni ghali. Picha isiyo na mtu tunahesabu imeungua. Tukapanga foleni. Watu walilowesha vitambaa kwa mate wakafuta viatu. Shivachi akaazima kofia ya Bwana Ekal, akaegemea jiwe kama mwenye shamba. "Niaje, jiwe! Songa kidogo, unanifinya bega." Bwana Ekal alicheka hadi naye akaomba apigwe.

Mideva peke yake alibaki kando.

"Na wewe husimami?" Nthenya akamwuliza. Hakuwa amemsemesha tangu Januari.

"Nani atanipiga?"

"Kwani mwenye kamera ni nani? Simama kwa ile ya zambarau. Jua linaenda."

Mideva akasimama. "Mama Ian, siku ile niliogopa."

"Najua. Inua uso."

Ndiyo picha yenyewe hiyo.

Tulichofanikiwa

Tumefungua kibanda cha picha za vitambulisho pale Kawangware 46. Anayekuja tunamwambia akae wima, hatumwulizi kwao ni wapi. Kamera siku hizi haipitii mezani.

Changamoto

Ofisi yako imetujulisha kwamba picha zetu zimejaa watu, na ukuta ule ni wa picha za mawe. Hatubishi, tuliambiwa mapema. Lakini ile ya zambarau imependwa, na tumeombwa tumkate Mideva, ubaki mwamba peke yake. Tukikubali, mwakani tutarudishwa huko tukapige lile korongo jekundu ambalo hatukulifikia. Tukikataa, safari ndiyo imeisha.

Tunataka kwenda, mgeni wetu. Wengi wetu hatujawahi kuona mahali pengine palipo kimya vile.

Tulikaa kikao. Mideva mwenyewe akasema, "Nikateni tu. Mimi ni mtu mmoja, nyinyi mwende."

Nthenya akamgeukia. "Wewe nyamaza. Hukatwi."

Shivachi, ambaye anaitamani safari ile kuliko sote, akakuna kichwa. "Basi wacha nitengeneze fremu," akasema. "Ya kuingia picha yote."

Ombi letu

Tunaomba picha ile itundikwe ikiwa nzima, na bado tupewe nafasi ya korongo. Huko tutapiga jiwe tupu, tumeshaelewa. Shivachi tutamfungia kwenye lori. Ikiwa haiwezekani, hatutakuwa na kinyongo na wewe. Lakini picha hatuikati.

Tafadhali usitujibu sasa hivi, iangalie kwanza. Nthenya na Mideva wanakuletea hapo mezani. Wameishika pande mbili, kwa maana Shivachi ametumia mbao nzito na mmoja peke yake haiwezi.

Mungu akulinde, mgeni rasmi, pamoja na Bwana Ekal na wote wanaolala nje kuyatunza mawe yale. Awape mvua ya kiasi na wageni wenye heshima, nasi atuachie amani hii tuliyoipata.

Ni sisi,
Kikundi cha Picha cha Jioni, Mashimoni na Kawangware 46.
Imesomwa na Annet Nalianya, katibu.