Mzee Wino na Sahihi Aliyokataa Kutia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mpanga maandishi wetu tunayemwita Mzee Wino anastaafu.

Alianza chumba cha uchapishaji, akipanga lebo za chupa za dawa. Mashine za lebo zilipoondolewa, wengi tulidhani na yeye ataondoka nazo. Badala yake alikabidhiwa visanduku vya tahadhari vya programu yetu ya simu ya dawa za watoto: yale maneno yanayojitokeza katikati ya skrini, mzazi ayasome kabla ya kupima dawa. Wiki ya kwanza aliishika simu kama yai. Wiki ya pili alikuwa anawakosoa mafundi wa programu.

Kanuni yake ilikuwa kisanduku kimoja, onyo moja kwa herufi nzito. Ukimpelekea maonyo matatu mazito, aliuliza unamfokea nani. Ukiongeza na rangi nyekundu, aliuliza kama tumeanza kuuza soda.

Mwezi Machi toleo jipya lilikuwa tayari. Kwenye kompyuta lilipendeza. Kwenye simu, kisanduku kilipoteza herufi nzito na nafasi zote kati ya mistari, na onyo la kutorudia dawa kabla ya saa sita kupita likazama katikati ya aya. Meneja alisema maneno si ni yaleyale, litoke tu, tutarekebisha mbele ya safari. Mzee Wino akakataa kutia sahihi ya kuliidhinisha. Akaambiwa mtu aliyebakiza miezi mitatu hatafuti ugomvi. Alijibu taratibu kwamba miezi mitatu ni mingi sana kwa ugomvi mmoja.

Akachukua simu, akaenda chumba cha chanjo cha zahanati ya jirani, akawaomba akina mama kumi wasome, kila mmoja na mtoto wake begani. Saba walibonyeza "Sawa" bila kuliona onyo. Meneja alikuwa ameitwa ashuhudie. Alisimama mlangoni hadi mama wa tano, akarudi ofisini kuliahirisha toleo. Toleo lilisubiri siku nne, kisanduku kikatengenezwa upya.

Sisi wazazi tunaosoma kwa jicho moja huku tukibembeleza mtoto, tunajua siku nne zile zilikuwa za nani.

Asante, baba. Kuanzia Julai sahihi ile ni yetu, kuitia au kuikataa, na tutaikataa inapobidi. Wewe nenda kapumzike. Uishi vyema, ulale vyema.